Mahindi ya Mjomba na Chimbuko la Watu

Nakumbuka Jumamosi ile, saa kumi kasorobo alasiri, baba yako aliposimama uani kwetu Kilangali akasema, "Shikamoo, mjomba," na mjomba wangu asiitikie.

Mwanangu, jana ulirudi kutoka shuleni Mikumi ukiniuliza wewe ni wa upande gani, maana wenzako wamekuita nusu jembe nusu fimbo. Nimelala na swali lako. Jibu langu linaanzia kwenye salamu ile.

Kwetu sisi wakulima, mjomba ndiye mwenye neno katika ndoa ya binti, na shikamoo isiyoitikiwa ni mlango uliofungwa. Baba yako, kijana wa wafugaji, alibaki ameegemea fimbo, wazee wake nyuma yake. Bila marahaba asingeweza hata kukaa, seuze kuniposa. Mimi nilikuwa jikoni, nimeshika sinia la vikombe.

Mjomba alikuwa kibarua wa shamba la mbegu. Kila msimu aling'oa mbelewele za mahindi, yale maua ya kileleni yenye chavua, ili mbegu isichanganyike, na kazi ile ilikuwa imemwingia kichwani. Akamgeukia bibi, mama yake.

"Mama, mwacha asili ni mtumwa. Mbegu haichanganywi. Sisi ni wa hapa tangu mwanzo, hawa wamekuja juzi na ng'ombe."

Bibi alikuwa anapeta mchele. Hakuinua macho. "Shamba lenu mkiliacha msimu mmoja, mkalala, mahindi yanakuwaje?"

"Yanachanganyika, mama. Upepo hauna adabu."

"Na watu, tangu huo mwanzo wako, nani alikuwa akiwang'olea mbelewele?"

Bibi akaweka ungo chini, akamtazama.

"Na hiyo pua umeitoa wapi? Baba yako hakuwa nayo, mimi sina. Usinitazame hivyo, nilikuwa mke mwema! Ni ya bibi yangu, naye alitoka usikokujua."

Wazee wa ng'ombe ndio walioanza kucheka. Mjomba akajishika pua. Kisha akamgeukia baba yako, akasema, "Marahaba, baba. Kaa basi, mbona umesimama kama korongo?"

Nikatoka na chai.

Mimi niliishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma mwenyewe, polepole, kwa vitabu vya kuazima. Wapo wataalamu wanaosema binadamu wa leo walitokea sehemu moja ya Afrika, wakaenea duniani. Wengine, wakipima mifupa na chembe za urithi, wanaona hata hapa Afrika hapakuwa na chimbuko moja: makundi yaliishi mbalimbali, yakakutana, yakazaliana, yakatengana, yakakutana tena. Na waliotoka kwenda nje ya Afrika waliwakuta watu wa kale zaidi, wakazaa nao. Bado wanabishana, nami sitakudanganya kwamba wamemaliza. Lakini katika wote hao sijamsoma hata mmoja aliyeona mbegu isiyochanganyika. Milima haikutani, binadamu hukutana.

Kwa hiyo, mwanangu, asili usiiache; ila ijue kwanza ndipo ujivunie. Wewe si nusu ya kitu. Jembe lote ni lako, fimbo yote ni yako. Atakayekuambia yeye ni wa tangu mwanzo, usigombane naye. Muulize kwa upole pua yake ameitoa wapi.

Mungu akujalie, uani popote utakaposimama, pawe na wa kukuitikia. Na akisimama mtu uani kwako, marahaba yako isikawie.