Barua Niliyolipwa Kuichunguza

Ushawahi kulipwa uchunguze umbea wako mwenyewe? Mimi nimelipwa.

Kazi yangu ni kuthamini kompyuta za zamani. Mtu akizitoa msaada kwa chuo anapunguziwa kodi kulingana na thamani yake, na hiyo thamani tunaiandika sisi.

Basi mhandisi mmoja mstaafu akakipa chuo kompyuta zake arobaini. Nikajua kazi hii ni yangu.

Kazi akapewa kijana tunayemwita Miwani.

Miwani! Mtu niliyemfundisha mimi, hadi kushika bisibisi! Siku hizi kila simu anapigiwa yeye. Roho iliniuma, sifichi.

Nikawaandikia watu wa kodi barua bila jina: "Miwani anaongeza thamani. Mnyang'anyeni leseni."

Wiki mbili baadaye simu ikaita. Mama mmoja, afisa wa kodi.

"Mzee, tuna malalamiko. Tunaomba uhakiki kazi ya Miwani."

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kisu nimekabidhiwa mimi.

Nikaingia stoo ya chuo na orodha yake mkononi. Mashine ya kwanza ameandika inawaka. Nikaomba isiwake. Ikawaka, tena bila kusita. Ya pili ameandika kitufe kimoja si cha asili. Nikakagua vyote. Kweli, kimoja.

Siku tatu natafuta kosa. Nikapata moja tu: mashine ya toleo la kwanza kabisa, ameiandikia thamani ndogo mno. Yaani hata alipokosea, hakuongeza!

Wivu hauna aibu. Nikaandika ripoti ya uongo, kwamba kila kitu kimezidishwa mara mbili.

Nikiwa ofisini kwao nataka kusaini, yule mama akasema, "Unajua tulimpa Miwani majina matatu achague wa kumhakiki?"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mpeni mwalimu wangu. Yule hawezi kunionea.'"

Nikaweka kalamu chini.

"Mama, ripoti hii ni ya uongo. Na ile barua niliandika mimi."

Leseni iliyonyang'anywa ikawa yangu, si ya Miwani.

Jioni Miwani akapiga. Nikajiandaa kutukanwa.

"Shikamoo, mwalimu. Nasikia kuna mashine niliikosea. Naomba unielekeze."

Nililia, mtu mzima na mvi zangu.

Ndugu zangu, ukimfundisha mtu kazi akakupita, maana yake ulifundisha vizuri. Mimi nimelielewa hilo nikiwa sina leseni.