Hema Chini ya Mstari wa Mwani

Kikundi chetu cha vijana kilikuwa na kayaki nne, kila moja ya watu wawili, na sisi tulikuwa wanane. Kabla hatujatoka Likoni kwenda kupiga kambi kisiwani, nilishajua nitapanda na nani: rafiki yangu wa Bofu, msichana mwenzangu tuliyesoma naye madrasa moja, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea, kiganja changu chini ya tumbo lake mpaka akaweza kuelea mwenyewe. Hata sikumwuliza.

Ufuoni akamwita msichana wa Chaani, aliyejiunga nasi mwezi uliopita tu.

"Njoo tupande sote," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Wewe utapata mwengine. Si wajua kila mtu?"

Nikapata kijana mmoja apigaye kafi kama anakoroga uji. Njia nzima niliitazama ile migongo miwili mbele yetu, makafi yao yakiingia majini pamoja, vicheko vikiletwa na upepo. Huyo mtu wa Chaani juzi tu alikuwa akiuliza kama papa hufika kivukoni! Mabega yaliniuma, na roho ikaniuma zaidi.

Kisiwani hakukuwa na mtu wala kisima. Maji ya kunywa tulikuja nayo kwa madumu, na kuni ilikuwa tuziokote wenyewe. Tulifika yapata saa tano, bahari imekupwa mbali. Kiongozi wetu akasema kila wawili wajitafutie pahali pa hema, naye akaenda kukagua upande wa pili.

Wao wakachagua mchanga laini, chini kabisa ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji yaliyojaa. Mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama, na siku hizo maji hujaa mno. Bamvua. Mtoto yeyote wa kwetu aijua; rafiki yangu, kwa vicheko vile, aliisahau.

"Pazuri, eh?" rafiki yangu akaniuliza.

"Pazuri," nikamjibu. Nikapanda juu vichakani kusimamisha hema langu peke yangu, maana yule kijana wa kayaki alikwenda kwa wavulana wenzake.

Tulikwenda kuni, na tuliporudi baada ya Alasiri hema lao lilikuwa limelala majini. Blanketi zilikuwa zimelowa, na mikate yetu yote, bofulo za watu wanane, ilikuwa mle ndani. Kiongozi akajilaumu mbele ya wote, kwamba yeye ndiye angepaswa kuangalia. Nilisimama pale nikamwacha ajilaumu.

Rafiki yangu alikuwa akikamua leso. Akaniambia polepole, "Leo ni bamvua."

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Akaniuliza tu, "Kwa sababu ya kayaki?"

Nikaitikia kwa kichwa. Jambo lililonijaa kifua kutwa nzima, lilipotamkwa kwa sauti lilikuwa dogo la kuchekesha.

Wakalala hemani kwangu, maana hapakuwa na kwengine. Yule wa Chaani, ambaye hakujua lolote, alinishika mkono akisema, "Asante dadangu kwa kutupisha." Alilala katikati yetu. Hata hapo, na aibu yote ile, nilipowasikia wakinong'onezana niliona wivu.

Asubuhi nilimwendea kiongozi nikamweleza ukweli, kisha nikamweleza na yule msichana. Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Alipoona sicheki, akaenda kukunja blanketi yake. Kiongozi hakunigombeza. Alinipa tu madumu yote niyarudishe katika kayaki yangu. Wao wawili wakarudi pamoja vilevile walivyokuja.

Rafiki yangu hakuniacha. Tunakwenda maarusini, na mamake akiumwa mimi huenda kumtazama. Lakini yeye na yule wa Chaani hupigiana simu kila siku, mimi hunipigia siku ya Idi. Juzi nilikutana nao sokoni wameshikana mikono, wananunua viazi. Nilisalimu vizuri, nikauliza habari za nyumbani, nikapita. Nilifika kwangu bila kitunguu nilichokwenda kununua.