Kifaransa Kilichokuwa Nyumbani Kwetu

Binti yangu alitoka kwenye chumba cha usaili amebana bahasha kwapani, akanipita kama hanioni. Nikamfuata mpaka nje. Akakaa chini, na gauni lake la kanisani, kwenye vumbi la Mpanda.

"Mama, swali la kwanza walikuwa wananiuliza jina langu tu."

"Hukuwajibu?"

"Nimelielewa nikiwa mlangoni natoka."

Ilikuwa nafasi ya kwenda kusomea samaki wa Ziwa Tanganyika. Mradi wa nchi zinazolizunguka ziwa, na mafunzo yanafanyika ng'ambo, Burundi, kwa Kifaransa. Sayansi alikuwa amefaulu. Walimwambia ana kichwa kizuri, ila hawawezi kumchukua mtu atakayekaa darasani kama gogo. Hawakusema gogo. Hilo ni langu.

Sasa niseme ilivyokuwa, maana nimechoka kuambiwa ni bahati mbaya.

Mimi niliingia nchi hii mgongoni mwa mama, tukikimbia mauaji kwetu Burundi. Wengi tulioondoka nao hawakufika. Mama alikuwa amesoma kwa masista, na Kifaransa kilimkaa mdomoni mpaka uzeeni. Mimi hakunifundisha. Alisema lugha ile itafanya watu wajue tulikotoka. Shule yenyewe niliishia darasa la nne. Lakini mjukuu wake alipoanza kupenda samaki, akipasua migebuka ya mboga anakaa kuchungulia matumbo mpaka moto unazimika, bibi alilegea.

"Huyu akitaka ziwa, asome na lugha ya ng'ambo ya ziwa," alisema. "Kiingereza watampa tu, atake asitake."

Wanachagua masomo wakiingia kidato cha tatu. Shuleni Kifaransa kilikuwepo na mwalimu wake alikuwepo, ila vipindi vyake walivigonganisha na vya fizikia. Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma, yule anayepanga ratiba, miguu yangu bado ina tope la shamba.

"Mama, Kifaransa ni cha wanaotaka kutembeza watalii kule mbugani Sitalike," akaniambia. "Sayansi ni Kiingereza. Kwani wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La nne."

"Haya basi."

Wenzake wakacheka. Nikaomba basi mtoto awe anasoma jioni, mwalimu wa Kifaransa alishakubali. Akasema kwanza ukoo wa baba yake uridhie. Baba yake alishakufa, kwa hiyo nikapanda gari kwenda Sibwesa kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Nilimkuta anabangua karanga. Hakusimama.

"Shemeji, tumekuoa, tumekutoa kwenye ukimbizi, leo unataka kumrudisha mtoto wetu huko huko?"

"Ni lugha tu, shemeji."

"Lugha ya wakimbizi. Na nikisikia huyo mama yako anamfundisha kichinichini kwenye nyumba ya ndugu yangu, mtatafuta pengine pa kulala. Nyie wote."

Nyumba ni ya ukoo. Mama hakuthubutu kumfundisha hata neno. Masika yaliyofuata tukamzika, Kifaransa chake chote kikaenda naye. Mtoto akabaki na fizikia yake na salamu mbili tatu za Kifaransa alizookota kwenye simu.

Tangu siku ya usaili anaamka, anafagia, anarudi kulala. Vitabu kavipanga chini ya kitanda. Shemeji alikuja kutupa pole. Akasema Mungu hakupanga.

Mungu tumwache. Ratiba ile haikupangwa na Mungu. Ilipangwa na mtu anayelipwa mshahara, na mtu mwingine akaja kumfungia mtoto mlango uliobaki. Majina siyaandiki, wanajijua. Mwalimu, nasikia umepandishwa cheo. Shemeji, nguvu bado unazo. Njooni hapa Ilembo, nyie wawili, mkae mbele ya binti huyu mumwambie kwa midomo yenu kwa nini mlimnyima. Mimi nitakaa pembeni nisikie. Mnakuja lini?