Kidani cha Harusi ya Chepkemei

Jirani yetu wa Molo hutunga upya shanga kuukuu za maharusi. Kila ushanga huusugua kwa majivu, huupuliza, kisha huupitisha kwenye uzi aliousokota pajani. Mwaka huu wa 1956 alitengeneza kidani cha marehemu mama yake, ili binti yake, Chepkemei, akivae harusini. Asubuhi ya harusi binti alikisukuma kando.

“Mama, unataka pasta anicheke? Mpe memsahibu wa shamba, yeye ndiye hupenda mambo ya ushenzi.”

Akampa. Kanisani memsahibu aliketi mbele, kidani shingoni.

“Leo umependeza kweli, memsahibu!” pasta alimsifu.

Memsahibu alikuwa amekivaa nyuma mbele. Jirani yetu aliinuka, akamgeuzia taratibu, kisha akarudi kuketi nyuma.