Kahawa ya Kaptagat na neno moja alilobaki nalo Wekesa

Rafiki yangu Wekesa amebaki na neno moja tu mdomoni, nalo ni "bado".

Umuulize amelalaje, bado. Umuulize kama anahisi njaa, bado. Binti yake Nafula akitoka shule na kumsalimia, anamwitikia bado.

Wakuu, poleni na kazi. Niko Kapsoya hapa Eldoret, nina duka dogo, na haya ninayoandika niliyaona mwenyewe. Mahali ambapo sijui, nitasema sijui. Uzi huu ni wa kutengeneza kahawa nzuri ukiwa camping bila stima, lakini siwezi kuandika kahawa nikamwacha huyu mtu nje.

Wekesa alikuwa fundi wa posho mill, zile mashine za kusaga mahindi, ni mtu wa Moi's Bridge. Mashine ikiharibika huko mashambani, alibeba spana zake na kulala hapo hapo hadi ingurume tena. Mara nyingi hakukuwa na stima. Ndiko alikojifunza kujipikia kahawa ya kweli, si ile ya kukoroga kwa kikombe.

Camping tulikuwa tunaenda watatu: Wekesa, mimi na Kiprono. Kiprono ana shamba kando ya msitu Kaptagat, na hutuachia kona ya kuweka hema. Kahawa haipendi hata kidogo. Anakuja na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, anakaa kwa gogo anatucheka.

"Nyinyi kwani kwenu maziwa iliisha?"

Mara ya kwanza kabisa tuliharibu. Wekesa alikuwa ametoka kutengeneza posho mill ya mtu, akasagia kahawa yetu humo humo, akidhani ameisafisha vizuri. Kumbe unga wa mahindi ulibaki ndani. Maji yalipochemka tukatia kahawa, na mchanganyiko ukaanza kuwa mzito.

Kiprono akachungulia. "Fundi, sasa hii tunakula na mboga gani?"

Tulikunywa uji wa kahawa kwa kijiko. Tangu hapo, kahawa ilitwangwa kwa kinu na mchi, na kinu chenyewe hakikuguswa na kitu kingine.

Njia yake ilikuwa hii. Kuni ziwe zimeshika, zisiwe za moshi. Maji yachemke kabisa kwa sufuria. Ukiepua, tia kahawa hapo hapo, usiyape maji nafasi ya kupoa. Kaptagat iko juu sana, na huko maji huchemka kabla hayajapata joto ambalo hufikia sehemu za tambarare. Ndiyo maana kahawa ya huko inataka kungojewa zaidi. Koroga mara moja, funika, na usirudishe kwa moto, kwa sababu kahawa ikichemka inakuwa chungu kama dawa ya minyoo. Mwishowe nyunyiza maji baridi kidogo juu ili mashapo yazame, halafu mimina polepole.

Kwa hivyo kazi kubwa ni kungoja, na mimi sijui kungoja. Nilikuwa nafunua kifuniko kila saa. Wekesa hata hakugeuka. Alisikia tu bati likilia.

"Bado."

Nafunua tena.

"Bado, jirani. Hiyo kifuniko imekukosea nini?"

Siku zote hakuwahi kutuambia kahawa iko tayari. Alinyamaza tu. Ukifunua na asiseme kitu, unaleta kikombe.

Mwaka jana stroke ilimpata akiwa kazini, mkono ndani ya mashine iliyozimwa. Upande wa kulia ukalala, na maneno yote yakaenda. Baada ya wiki kadhaa moja likarudi. Mnalijua.

Mama Nafula, mke wake, aliuliza hospitalini kama mumewe anaelewa. Daktari alimwambia kwamba neno kama hilo linaweza kutoka lenyewe bila mtu kukusudia, na hiyo haimaanishi kwamba haelewi. Wakajaribu afinye mkono mara moja kwa ndiyo. Kuna siku anafinya vizuri. Kuna siku anafinya kwa kila swali, hata ukimuuliza kama yeye ni askofu.

Sasa mambo yamefika hapa. Kaka yake mkubwa, Simiyu, anataka kumchukua ampeleke Moi's Bridge kwa mama yao. Simiyu si mtu mbaya, na hilo nataka mlishike. Mama Nafula anauza nguo za mitumba mjini kutoka asubuhi, na mgonjwa anashinda na msichana wa jirani. Kule kuna mama, kuna wake wa ndugu, kuna kivuli. Lakini mkewe hawezi kuhamia huko, kazi yake na shule ya Nafula ziko hapa. Wekesa akienda, ameenda peke yake.

Nilikuwepo Simiyu aliposema, "Shemeji, akikataa mwenyewe, mimi simgusi. Lakini atakataa na mdomo gani? Ndugu yangu alishaondoka. Tumebaki na mwili."

 Baadaye Mama Nafula alikuja dukani akaniuliza kama bado niko na ile sufuria ya camping.

Jumamosi iliyofuata Kiprono alikuja kutuchukua na pickup yake, tukaenda Kaptagat. Tukamweka Wekesa kwa kiti pale tulipozoea kuweka hema, blanketi magotini. Hatukuwa tunalala, ni kahawa tu na turudi. Mkewe akakaa kwa nyasi kando yake.

Nikawasha moto. Nikatwanga. Maji yakachemka, nikaepua, nikatia, nikakoroga, nikafunika. Halafu nikafunua.

"Bado," akasema Wekesa.

 Nikangoja, nikafunua tena.

"Bado."

Safari ya tatu nilingoja sana kabla ya kufunua. Bati likalia. Nikamwangalia. Alikuwa ameangalia sufuria, na hakusema kitu. Mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya blanketi, ukajikunja kama umeshika kikombe.

Mama Nafula alilia bila sauti. Kiprono, ambaye hanywi kahawa, aliomba kikombe.

Ningeishia hapo ungekuwa uzi mtamu, lakini niliwaahidi ukweli. Nilipika sufuria ya pili, nikitaka kuwa na uhakika. Safari hii alisema bado hata nikiwa mbali na kifuniko. Alisema bado kikombe kikiwa mkononi mwake. Kiprono akamuuliza, "Fundi, umeoa?" Akasema bado, na mkewe akacheka huku machozi hayajakauka.

Ndipo Mama Nafula akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika uso.

"Baba Nafula. Simiyu anataka kukupeleka kwa mama, Moi's Bridge. Uko tayari kwenda?"

Alimwangalia muda mrefu kuliko ule wa kungoja kahawa.

"Bado."

Kiprono akasema, "Si mmesikia? Amekataa." Kisha, kwa sauti ya chini, "Ama ni ile bado yake tu."

Nilikuwa nimerekodi kwa simu. Simiyu alitazama video yote bila kuruka, mara mbili. Akanirudishia simu akasema, "Hiyo ni bado ile ile." Lakini alifuta macho.

Nilichojifunza, wakuu? Kwa upande wa kahawa, acheni kufunua. Kwa upande wa mgonjwa, ukimuuliza swali, ngoja. Sisi tulikuwa tunauliza na kujijibu, tunamzungumzia mbele yake kama yeye ni kabati. Siku ile ya Kaptagat ndiyo siku ya kwanza nilimwona akipewa nafasi ya kumaliza kufikiria. Alichofikiria, sijui.

Mliowahi kuuguza mtu aliyepoteza maneno, nisaidieni. Mlijuaje ni lini anakusudia neno na ni lini linatoka tu? Na wa kahawa pia karibuni, kama kuna njia bora kuliko hii ya sufuria.

Simiyu amesema anakuja Jumamosi hii na gari. Nguo za Wekesa hazijafungwa, lakini begi limetolewa juu ya kabati na liko kitandani.

Jana jioni nilimpigia Mama Nafula nikamuuliza kama ameamua.

"Bado," akasema.

Na nyuma yake, kutoka kwa kiti cha dirishani ambako Wekesa hushinda, nikasikia sauti nyingine ikilirudia neno hilo.