Gari Lililopiga Honi Kila Likikata Kulia

Nauza magari mapya, na kazi hii naiweza. Katika mji huu ambako karibu kila gari limeshatembea Japani kabla halijatua bandarini kwetu, kumfanya mtu anunue gari ambalo halijawahi kukaliwa na mtu si jambo la kubahatisha. Mie ni Mnyamwezi wa Tabora, niliyelelewa kwenye kwaya ya parokia. Naishi Mwananyamala na mume wangu na watoto, na kila asubuhi nauvuka mji kwenda kwenye duka letu la magari, barabara ya kwenda uwanja wa ndege.

Mwaka ule tulizindua toleo jipya kabisa. Lilikuwa gari la familia, refu kidogo, lenye kioo cha kugusa mbele. Tuliweka moja sakafuni na utepe wake, na watu wakaja kulizunguka kama wanaangalia bibi harusi. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja wa Kizaramo kutoka Tandika. Biashara yake ilikuwa kukodisha vyombo vya shughuli: maturubai, viti, masufuria, sahani. Aliingia na baibui lake na mkoba kwapani, akafungua mlango wa nyuma, akavuta pumzi ndefu.

"Maisha yangu yote nimeendesha magari yenye harufu ya watu wengine," aliniambia. "Hili nalitaka."

Akaweka oda siku hiyohiyo, rangi ya maziwa.

Gari halikuja. Meli ilichelewa. Ilipofika, kiwanda kikatuma habari kwamba magari yasitolewe mpaka vile vioo vya kugusa virekebishwe, maana vilikuwa vinazimika vyenyewe. Bosi wetu alitukusanya akatuagiza, mteja akiuliza, tumwambie wiki ijayo. Wenzangu wakasema wiki ijayo mpaka neno likachuja. Yule mama alikuwa akija kila akipita njia ile, na kila mara alimkuta mtu wa kumpa wiki ijayo nyingine. Siku moja akaja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Gari langu?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Sijui. Limefika nchini lakini lina kasoro inayorekebishwa, na hakuna aliyenipa tarehe ninayoiamini mie mwenyewe. Nikipata neno la kweli, utakuwa wa kwanza kulisikia."

Kisha akavuta kiti, akakaa, akaomba maji ya kunywa.

"Duka zima hili," alisema, "leo ndiyo nimeambiwa kitu nikakielewa."

Bosi alisikia, akaniita pembeni. "Unanifukuzia wateja."

"Bosi, anayekimbia ni yule aliyedanganywa. Huyu amekaa anakunywa maji."

Sikubadilisha msimamo, naye hakunilazimisha. Hatimaye gari likatoka. Nilimkabidhi funguo mwenyewe, akaondoka taratibu, taa zote zikiwaka mchana kweupe.

Keshoyake asubuhi simu ikaita.

"Mwanangu, gari linapiga kelele. Nikikata kulia, honi inalia. Nikinyoosha, inanyamaza. Mtaa mzima umetoka nje, wanadhani nimevamiwa."

Nikamuuliza fundi wetu mkuu. Akauma midomo. Ndani ya usukani kuna utepe mwembamba wa nyaya, alisema, na inaelekea huko kiwandani umepangwa vibaya. Kungʼoa honi tu asingeruhusu, kwani utepe uleule unahudumia mfuko wa hewa unaofura ajali ikitokea. Mtu wa mtaani akitia bisibisi pale, atakuwa amecheza na roho ya mtu. Liletwe hivyohivyo, polepole.

Nikapanga kutuma gari la kubebea magari mabovu. Mama akakataa katakata.

"Nimewaringia majirani gari jipya, halafu siku ya pili walione limebebwa mgongoni kama maiti? Njoo ulichukue mwenyewe. Uendeshe, na mie nikae pembeni yako."

Nikaenda. Nikamkuta barazani ameshajitanda, anangoja. Tukaingia. Harufu ya viti vipya ilikuwa tamu kweli, na injini ilikuwa kimya kama paka. Nikamwambia mpango wangu ni kukata kushoto tu kila inapowezekana, hata kama tutazunguka. Mtaa wa kwanza kushoto, wa pili kushoto, wa tatu kushoto, tukajikuta tumerudi nyuma ya nyumba yake. Mama akacheka mpaka akashika dashibodi.

"Wewe Mnyamwezi, tutafika lini?"

Tulipojaribu njia ya pili tukakuta mtaro umechimbwa katikati ya barabara. Ikabaki njia moja tu ya kutokea barabara kubwa, na ile ilipita mtaa wenye msiba. Turubai lilikuwa limefunika nusu ya njia, wanaume wamekaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka upande wa pili. Na pembeni kabisa mwa turubai lile ndipo palipokuwa na kona. Kulia.

Nikasimamisha gari mbali kidogo.

"Hapa siwezi, mama. Siwezi kupiga honi kwenye msiba."

"Turubai lile langu," alisema akifungua mlango. "Viti vile vyangu. Na marehemu ni jirani yetu. Twende tukahani kwanza."

Nikavua kofia yangu ya kazi, nikajitanda khanga aliyonitolea mkobani, nikamfuata. Tukakaa mkekani na wanawake. Mfiwa alikuwa mama wa makamo, macho yamemvimba, ameegemea ukuta. Dua ikasomwa, tukaitikia, mie kwa namna yangu. Ilipokwisha, mama niliyekuja naye akasimama akaenda hadi ulipo mpaka wa wanaume na wanawake, akamweleza mzee wa shughuli habari nzima, ya gari na ya kona.

Mzee akanitazama. "Na huyu mwenzako ni mtu wa wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi."

"Alaa! Mtani!" Mzee akajipiga gotini kwa kiganja. "Ndiyo maana anatuletea tarumbeta msibani!"

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ya kutania ambayo ndugu hana. Nisingeijibu kauli ile ningemvunjia heshima.

"Nyie Wazaramo mmelala mno," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Mnazika watu huku mnasinzia. Sie tumetoka mbali kuja kuwaamsha, badala ya kutushukuru mnatuzibia njia!"

Wanaume wakaangua kicheko. Nikasikia kicheko kingine nyuma yangu, chembamba, kikikatikakatika. Alikuwa mfiwa. Amejiziba uso na khanga, mabega yanatikisika, na wanawake waliokuwa karibu naye wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja.

"Mpisheni," mzee akaamuru. "Mpisheni mtani apite na balaa lake."

Wakasogeza viti. Nikaingia kwenye gari, nikakata kona, na honi ikalia ndefu, bila aibu, mpaka usukani uliponyooka. Watu wakapunga mikono. Toka hapo mpaka Tazara tulikata kushoto, na dukani pia tuliingia kwa kushoto.

Bosi alikuwa mlangoni. Nikamwomba akae kiti cha nyuma, nikamzungusha uani, kulia, kulia, kulia. Aliposhuka nikamwambia magari mengine ya toleo lile, yaliyosubiri kukabidhiwa, yasitoke hata moja mpaka kila usukani ukaguliwe.

"Wateja wamengoja sana," alisema. "Tukiwaambia wangoje tena tutawapoteza."

Nilikuwa nimefungua kinywa, lakini mama alinitangulia.

"Mie nimengoja meli, nimengoja kioo, nitangoja na huo waya. Ila msimpe mwenzangu gari la namna hii. Likimletea balaa barabarani na watoto ndani, itakuwaje?"

Bosi akakubali. Magari hayakutoka.

Kazi ya kuwapigia wateja niliiomba mie. Niliwaeleza kasoro ilivyo, bila kuipaka sukari. Wapo waliojitoa, na mmoja alinitukana mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Wengi walingoja. Utepe mpya wa nyaya kutoka kiwandani ulichelewa kuliko tulivyopenda, na siku zote hizo mama wa Tandika aliendesha gari letu la dukani, tulilokubaliana na bosi kwamba halilipiwi. Ulipofika, fundi mkuu aliufunga kwa mikono yake, na mama akasimama kando yake muda wote akiuliza kila skrubu inakwenda wapi.

Siku hizi gari jipya likiingia uani, haliendi kwa mteja kabla sijaliendesha mwenyewe. Nalipeleka mpaka vilima vya Pugu na kurudi, nafungua kila dirisha, nafunga breki mteremkoni, nalimwagia maji kwenye paa nikiwa nimekaa ndani. Wenzangu walinicheka mwanzoni. Sasa nikiwa likizo, bosi hupiga simu nyumbani kuuliza ni lini nitarudi, kwa sababu kuna magari yananingoja.