Zulia Lililofunika Njia ya Ustadha Moza

Nyaboke alilinda mlango wa jengo lile la mtaa wa Al Sadd kwa miaka mitatu, na hakuna aliyeijua sakafu yake kama yeye, isipokuwa Ustadha Moza, ambaye hakuwahi kuiona.

Moza alikuwa mwalimu Mkatari wa makamo, asiyeona tangu utotoni, aliyewafundisha wasioona wenzake kompyuta kwenye ghorofa ya pili. Jengo lilipochorwa, wasanifu walimwomba awaeleze mtu anajuaje alipo bila macho. Wakaweka njia ya mawe ya kukwaruza kutoka mlangoni hadi mapokezi, vigae vyenye vinundu mbele ya ngazi, na mfereji wa maji kando ya lifti ili sikio lijue pa kuelekea. Kila asubuhi Moza aliingia na fimbo yake nyeupe akapita bila kumuuliza mtu chochote.

Nyaboke alimtazama na moyo ukamuuma. Kule kwao Nyamira alikuwa amemshika mkono baba yake kipofu tangu akiwa darasa la pili, na mzee hakuwahi kufika sokoni peke yake hata siku moja. Kumbe ingewezekana.

Mwaka 2016 akaja meneja mpya. Kulikuwa na wageni wakubwa watakaotembelea jengo, naye akasema yale mawe yanafanya mahali paonekane kama bado panajengwa, na maji yanapiga kelele. Akaagiza zulia jekundu kutoka ukuta hadi ukuta, na mfereji ukafungwa.

"Sir, hiyo njia si pambo," Nyaboke akamwambia. "Kuna watu wanaitegemea."

"Wangapi? Sita?" Meneja alicheka. "Wewe linda mlango."

Nyaboke alirudi mezani, akafungua OB, kile kitabu walinzi wanachoandikia matukio, akaandika: saa nne na dakika kumi, meneja ameelezwa kwamba zulia ni hatari kwa wasioona. Mussa, msafishaji kutoka Tanga aliyekuwa amepiga magoti akibandika zulia kwa gundi, alimwona.

"Dada, hayo ni ya wakubwa. Utarudishwa kwenu."

"Acha nirudishwe. Hawa watu wamepofushwa mara ya pili, Mussa, na sisi ndio tunashika gundi."

Mussa akainamisha kichwa, akaendelea na kazi.

Siku ya tatu, Moza aliporudi kutoka likizo fupi, Nyaboke alikuwa akikagua begi la mgeni alipomwona Ustadha amesimama hatua chache ndani ya mlango. Fimbo ilikuwa ikipapasa kulia na kushoto, na kila ilipogusa palikuwa laini. Moza akageuza sikio kutafuta maji. Kimya. Akachagua upande, akaenda.

"Ustadha, simama!" Nyaboke alipiga kelele, akaliacha begi, akakimbia. Hakuwahi. Moza alianguka kwenye ngazi za kushukia maegesho, akavunjika mkono.

Alasiri ileile akaja Ndirangu, supavaiza wa kampuni yao ya ulinzi, Mkenya mwenzake, na karatasi iliyokwisha kuchapwa.

"Weka sahihi hapa tu. Inasema mwalimu hakuwa mwangalifu, na alikataa usaidizi."

"Alikataa lini?"

"Nyaboke, usiniletee maneno. Niko na watoto wa shule."

"Na mimi niko na baba haoni. Nikiweka sahihi hapa nitamwambia nini?" Akairudisha karatasi.

Kesho yake akahamishiwa Al Wukair, nje ya mji, kwenye geti la nyumba za kupanga, kibanda kisicho na kiyoyozi cha maana.

Wiki tatu baadaye gari lilisimama getini. Moza akashuka, mkono ukiwa kwenye plasta.

"Wameniandikia kwamba nilikataa kusaidiwa," alisema. "Nikauliza yule aliyeniita yuko wapi. Mussa ndiye aliyeninong'oneza kwamba uko huku. Niambie wewe ilikuwaje."

Nyaboke akamweleza kila kitu, hata ukurasa wa OB na saa aliyoandika. Moza alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akasema, "Hawakuniuliza mimi. Miaka miwili nilitembea na wasanifu wale, na meneja huyu hakuweza hata kuniuliza." Akaenda na maneno yale moja kwa moja kwa wenye jengo, akataka kitabu kifunguliwe mbele yake.

Zulia likang'olewa. Maji yakafunguliwa. Mwezi uliofuata Ndirangu alimpigia simu Nyaboke, sauti imechangamka.

"Umeona gazeti? Meneja amesifiwa kwa kuwajali walemavu! Picha kubwa, amesimama kwenye yale mawe. Furahi basi, si ulishinda?"

"Ustadha Moza yuko kwenye hiyo picha?"

"Hapana. Wanasema alikataa kupigwa picha."

"Afadhali hiyo aliikataa kweli," Nyaboke akasema. "Na mimi nitarudishwa lini Al Sadd?"

Ndirangu akakohoa. Alisema nafasi ile ilikuwa imepata mtu mwingine, kijana mpole, asiye na maneno mengi.

"Basi mwambie huyo mpole," Nyaboke akajibu, "wakileta zulia tena, aandike."